Jinsi ya kutathmini mafunzo ya uzazi wa mpango kwa watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya

Maswali yanayonifikia kuhusu kazi hii yanafanana. "Jaribio la mwisho wamepata wastani wa 86, hiyo si tathmini tosha?" "Nihoji wateja wangapi?" "Mafunzo yalifanyika Machi, mimi nimeikuta kazi Juni, naanzia wapi?" Wanaouliza ni waratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa halmashauri, maofisa ufuatiliaji wa miradi, na wanafunzi wa uuguzi wanaoandika tasnifu. Majibu yote nimeyaweka hapa kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inakwenda. Nachukulia mazingira ya Tanzania Bara: zahanati na vituo vya afya chini ya halmashauri, muuguzi mmoja au wawili kwenye chumba cha mama na mtoto, kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) mezani.

Msimamo wangu ni kwamba mafunzo haya hayatathminiwi ukumbini. Ukumbini unapima kama mtu amesikia na amekumbuka. Kama yamefanya kazi utajua kwenye chumba cha huduma, wiki na miezi baadaye, mwanamke akiwa ameketi mbele ya yule yule muuguzi na foleni ya kupima watoto uzito ikiwa nje ya mlango. Hatua nyingi hapa chini zinakupeleka huko.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Malengo ya mafunzo kwa maandishi. "Mshiriki ataelewa umuhimu wa uzazi wa mpango" halipimiki. "Mshiriki ataweza kuweka na kutoa kipandikizi kwa kufuata hatua zote" linapimika. Kama malengo uliyokuta ni ya aina ya kwanza, kaa na wakufunzi muyaandike upya.
- Orodha ya washiriki ikionyesha kada, kituo, namba ya siri ya kila mmoja, na chumba anachofanyia kazi. Hilo la mwisho husahaulika, nalo lina uzito wake: aliyefundishwa kitanzi kisha akarudi kukaa dirisha la dawa hana mahali pa kuonyesha alichojifunza.
- Karatasi za jaribio la kabla na la baada, pamoja na majibu sahihi.
- Orodha hakiki za ujuzi, zile zile walizofundishiwa. Usibuni zako.
- Mwongozo wa taifa wa uzazi wa mpango unaotumika, na gurudumu la vigezo vya kitabibu la Shirika la Afya Duniani (WHO), linaloonyesha njia ipi inamfaa mteja mwenye hali gani ya kiafya.
- Takwimu za miezi 12 kabla ya mafunzo, kutoka Kitabu namba 8 cha MTUHA (rejista ya uzazi wa mpango) na kutoka DHIS2 (mfumo wa kielektroniki wa takwimu za vituo).
- Mkono wa kuigizia kwa ajili ya kipandikizi, na modeli ya nyonga kwa ajili ya kitanzi.
- Watathmini angalau wawili wanaoweza kuweka na kutoa njia hizo wao wenyewe. Ofisa takwimu hodari asiyewahi kushika kijiti (ndicho kipandikizi chenyewe) hawezi kuona kwamba mshiriki amekiingiza ndani mno.
- Barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Ukikusudia kuchapisha matokeo kama utafiti, anza mapema kuomba kibali cha maadili: Bara kinapitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Zanzibar wana taasisi yao ya utafiti wa afya.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya dodoso

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo ya kazini yaangaliwe kwa ngazi nne, na mpangilio huo bado unafaa: washiriki waliyapokeaje, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti kazini, na wateja wamefaidika vipi. Nadharia utakayohitaji inaishia hapo.

Sasa chagua. Ukiwa na fedha kidogo, ngazi ya kwanza ipe ukurasa mmoja tu. Fomu ya kuridhika inakuambia kama chakula kilikuwa kizuri na mkufunzi alieleweka. Haikuambii kama mama wa Jumatatu atapata njia aliyoitaka. Weka nguvu zako kwenye ngazi ya tatu.

Andika swali moja kwa sentensi moja. Mfano: "Miezi mitatu baada ya mafunzo, watoa huduma waliofundishwa wanaweza kuweka na kutoa kipandikizi bila kusaidiwa, na wateja wao wanatoka chumbani wakijua maudhi madogo madogo na la kufanya wakiyapata?" Dodoso lolote lisilosaidia kujibu sentensi hiyo liache.

Hatua ya 2: Pima kabla

Tathmini inaanza kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo. Pima maarifa na ujuzi kwa kila mshiriki, chukua takwimu za kituo, na kagua vifaa. Ukiweza, chagua vituo kadhaa ambavyo zamu yao ya mafunzo bado, uvipime kwa namna ile ile. Halmashauri nyingi hufundisha kwa awamu, kwa hiyo kundi la kulinganisha unalipata bila kumnyima mtu mafunzo.

Onyo: usilinganishe zahanati za vijijini zilizofundishwa na kituo cha afya cha mjini kisichofundishwa. Tofauti utakayoiona itakuwa ya wateja, umeme na idadi ya wauguzi.

Hatua ya 3: Jaribio la maarifa lipime uamuzi

Maswali ya "taja faida tano za uzazi wa mpango" yafute. Kila mtu anazijua, na alama zitakuwa juu tangu jaribio la kabla. Uliza hali ambazo mtoa huduma anakutana nazo:

- Mteja wa sindano ya Depo amefika wiki 3 baada ya tarehe ya kurudi. Utafanya nini? (Mwongozo wa WHO unaruhusu achomwe hata akichelewa hadi wiki 4, bila kinga ya ziada. Anayemrudisha nyumbani "mpaka aone siku zake" amempeleka kwenye hatari ya mimba.)
- Mwanamke wa miaka 38 anavuta sigara na anataka vidonge vyenye vichocheo viwili. (Si njia yake. Aelezwe njia nyingine zinazomfaa.)
- Mama amejifungua miezi 2 iliyopita, ananyonyesha, anataka kipandikizi. (Anaweza kuwekewa.)
- Shinikizo la damu ni 160/100 na mteja anataka vidonge vya vichocheo viwili. (Hapana.)
- Mama ananyonyesha maziwa yake pekee na anategemea kunyonyesha kama njia. Ataacha kuitegemea lini? (Mtoto akifikisha miezi 6, au hedhi ikirudi, au akianza kumpa mtoto chakula kingine. Lolote litakalotangulia.)

Majibu sahihi yafuate mwongozo wa taifa ambao washiriki walifundishwa. Ukikuta unatofautiana na wa WHO, lijadili na wakufunzi kabla ya kusahihisha, wala usimkate mshiriki alama kwa kufuata alichofundishwa.

Jaribio la kabla na la baada liwe na maswali yale yale, mpangilio ubadilishwe, na karatasi ziwe na namba ya siri ili umlinganishe kila mtu na yeye mwenyewe. Kisha usiishie kwenye wastani. Panga matokeo swali kwa swali. Tuseme wastani umepanda kutoka 54 hadi 83, lakini swali la sindano iliyochelewa limejibiwa sawa na watu 9 kati ya 25 kabla, na 10 kati ya 25 baada. Wastani unapendeza, ila somo hilo halikufundishwa, au lilifundishwa vibaya. Mkufunzi anahitaji taarifa hiyo kuliko ile 83.

Onyo: ukiona alama za baada ziko juu mno na karatasi zina makosa yanayofanana neno kwa neno, washiriki wamejadiliana. Usiwaaibishe. Rudia jaribio utakapowafuata vituoni, kila mtu peke yake.

Hatua ya 4: Pima mikono

Kila mshiriki aonyeshe ujuzi kwenye modeli, kisha kwa mteja halisi akiwa chini ya usimamizi. Tumia madaraja matatu tu: hawezi, anaweza akisaidiwa, anaweza mwenyewe. Madaraja ya 1 hadi 10 yanaleta ubishi usio na faida.

Kabla ya kuanza, wekeni alama kwenye hatua za lazima, yaani zile ambazo mtu akiruka moja tu hajafaulu hata kama zilizobaki kafanya zote. Kwa kipandikizi mimi naziweka hizi:

- Amehakikisha mteja hana ujauzito.
- Mteja mwenyewe ameamua, baada ya kuelezwa njia nyingine.
- Amenawa mikono, amevaa glovu safi, amesafisha ngozi.
- Amechoma ganzi na kusubiri ishike.
- Ameingiza kijiti chini tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono ambao mteja hautumii sana.
- Amepapasa kuthibitisha kijiti kipo, na amemwelekeza mteja apapase mwenyewe.
- Ametupa chenye ncha kali kwenye kisanduku chake papo hapo.
- Amemweleza mteja maudhi madogo madogo, hasa kubadilika kwa hedhi, na tarehe ya mwisho ya njia: Implanon miaka 3, Jadelle miaka 5, kama mwongozo na maelezo ya bidhaa yanavyosema.

Hatua ya kupapasa ichunguze kwa karibu. Mtoa huduma aliyejiamini mno huvuta kifaa, anabandika plasta, anaanza kuandika kadi. Kumbe kijiti kimebaki kwenye sindano, na mteja anakwenda nyumbani akiamini ana kinga. Anayejua kazi utamwona anaweka vidole viwili kwenye mkono wa mteja, anasaka ncha zote mbili za kijiti, kisha anachukua kidole cha mteja na kukiweka pale pale. Inachukua muda mfupi sana, na kwangu mimi kitendo hicho kinaonyesha ubora wa mafunzo kuliko karatasi yoyote.

Halafu pima kutoa. Mafunzo mengi hutumia siku nzima kwenye kuweka na saa moja kwenye kutoa, na matokeo yake mwanamke anayetaka kijiti kitoke anazungushwa: njoo Alhamisi, nenda wilayani, vumilia kidogo. Njia ambayo mwanamke hawezi kuiacha anapotaka si hiari tena. Mshiriki anayejua kuweka lakini hajui kutoa muandike "hajafuzu kipandikizi". Naligombania hili kila mara, na nakuomba nawe uligombanie.

Kabla ya kupima watu, watathmini wawili wampime mshiriki mmoja kwa wakati mmoja bila kuonana karatasi. Linganisheni. Mkitofautiana kwenye hatua nyingi, orodha haijaeleweka, na kila alama mtakayotoa baadaye itategemea nani aliyekuwa na kalamu.

Hatua ya 5: Wafuate vituoni

Ziara ya kwanza iwe kati ya wiki ya 4 na ya 6. Mapema kuliko hapo hawajapata wateja wa kutosha, na ukichelewa zaidi ujuzi ambao haujatumika unaanza kupotea. Ziara ya pili iwe mwezi wa 3 hadi wa 6. Kama washiriki ni 20 au 30, watembelee wote. Kuchagua sampuli ni kwa wale wenye mamia.

Fika kama usimamizi shirikishi, si kama ukaguzi. Jitambulishe kwa mganga mfawidhi, eleza kwamba kinachopimwa ni mafunzo, na kwamba jina la mtoa huduma halitaonekana kwenye ripoti. Kisha omba kukaa chumbani. Mteja aombwe ridhaa na mtu ambaye siye atakayemhudumia, na akikataa usikae. Hahitaji kutoa sababu.

Watu hubadilika wanapotazamwa. Kaa asubuhi nzima. Mteja wa kwanza atahudumiwa kwa kufuata kitabu, ila kufikia wa nne au wa tano foleni imekuwa ndefu na mazoea yamerudi. Andika wote, lakini wale wa mwisho wape uzito.

Mambo ya kutazama chumbani:

- Anauliza mteja anataka nini kabla ya kuanza kueleza njia?
- Mlango umefungwa, pazia lipo, au wengine wanasikia?
- Mteja asiye kwenye siku zake anarudishwa nyumbani? Ipo orodha ya maswali 6 ya kumhakikishia mtoa huduma kwamba mteja hana ujauzito. Akijibu "ndiyo" kwa swali lolote na hana dalili za mimba, apewe njia leo. Kama orodha hiyo imebandikwa ukutani na mteja bado anaambiwa "urudi ukiwa kwenye hedhi", andika hivyo hivyo.
- Anadai ruhusa ya mume? Mwongozo wa taifa haudai.
- Binti wa miaka 19 ambaye hajaolewa anapokelewa kwa sauti ile ile aliyopokelewa mama wa watoto wanne?

Hilo la mwisho huwezi kulipata kwa jaribio la maandishi. Kwenye karatasi wote hujibu kwamba kijana ana haki ya huduma.

Wapo wanaotumia mteja wa siri, yaani mtu aliyefundishwa anayeingia kama mteja wa kawaida. Njia hii inafichua mengi, lakini ina masharti: kibali cha maadili kiwepo, watoa huduma wawe wametangulia kuambiwa kwamba katika miezi ijayo huenda wakapokea mteja wa namna hiyo, na mteja huyo aishie kwenye unasihi bila kuchomwa wala kuwekewa kitu. Kwenye kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake atatambulika kabla hajafika benchi, kwa hiyo iache njia hiyo kwa vituo vya mjini.

Hatua ya 6: Msikilize mteja anapotoka

Mhoji nje ya jengo, chini ya mti au kwenye chumba kingine, mbali na masikio ya muuguzi. Mhojaji asivae sare. Maswali manne yanatosha kuwa uti wa mgongo wa dodoso, nayo yanatumika katika nchi nyingi kupima ubora wa unasihi:

a) Umeambiwa kuhusu njia nyingine mbali na hii uliyopewa?
b) Umeambiwa maudhi madogo madogo yanayoweza kutokea?
c) Umeambiwa ufanye nini yakikutokea?
d) Umeambiwa kwamba unaweza kubadilisha njia?

Mteja ahesabiwe kuwa amepata unasihi kamili pale tu majibu yote manne yakiwa "ndiyo". Usichukue wastani wa maswali, maana mwanamke aliyeambiwa kwamba damu inaweza kubadilika lakini hakuambiwa afanye nini ikimzidia ndiye atakayeiacha njia mwezi wa pili, na atawaonya na majirani.

Ongeza mawili: "Ulikuja ukitaka njia gani?" na "Umeondoka na ipi?" Zikitofautiana, uliza kwa nini. Jibu linaweza kuwa jema (shinikizo la damu lilipimwa likakutwa juu) au baya (vijiti vimeisha, nikashauriwa sindano). Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake atarudi lini. Akishindwa, kadi imejazwa lakini unasihi haukufika.

Onyo: swali la "umeridhika na huduma?" halitakusaidia. Karibu kila mtu atasema ameridhika, kwa heshima, na kwa sababu kesho atarudi kwa muuguzi huyo huyo. Uliza kilichotokea.

Kituo kidogo kinaweza kukupa wateja watano au sita tu kwa siku. Sawa. Andika "4 kati ya 6", usiandike "asilimia 66.7".

Hatua ya 7: Soma vitabu vya kituo, kwa uangalifu

Kwenye Kitabu namba 8 tazama wateja wapya na wa marudio kwa kila njia, mwezi kwa mwezi, miezi 12 kabla na angalau 6 baada. Usijumlishe njia zote kwenye namba moja. Tuseme zahanati ilikuwa na sindano 40 na vipandikizi 2 kwa mwezi, sasa ina sindano 32 na vipandikizi 10. Jumla ni 42 kabla na 42 baada, ungedhani hakuna kilichotokea. Lakini kinga haifanani: sindano 4 za Depo huhesabiwa mwaka mmoja wa kinga kwa wenza, kijiti cha Implanon miaka 2.5, Jadelle 3.8, kitanzi cha shaba 4.6. Kama vijiti vyote ni Implanon, kabla ilikuwa 10 + 5, yaani miaka 15. Sasa ni 8 + 25, yaani 33.

Hesabu hiyo itumie kuelewa, usiitumie kamwe kumpangia mtoa huduma idadi ya vijiti vya kufikisha. Mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu na maendeleo uliofanyika Kairo mwaka 1994 uliweka hiari ya mwanamke na wenza wake kuwa msingi wa huduma hizi. Ukiona baada ya mafunzo kituo kinaweka kipandikizi kwa karibu kila anayeingia, usishangilie. Rudi kwenye hatua ya 6, kasikilize wateja.

Jambo la pili la kuangalia ni huduma mkoba. Timu ya kutoka nje inapokuja siku moja ikaweka vijiti 30, vinaandikwa kwenye kitabu cha kituo, na mwezi huo unapanda kama mlima. Muulize mfawidhi tarehe za ziara hizo, uzitenge.

Na usiyabebeshe mafunzo ya wilaya moja mzigo wa taifa. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake walio kwenye ndoa wanatumia njia za kisasa, na ule wa 2022 ukakuta 31. Kiwango hicho kinabebwa na mambo mengi kupita darasa: bidhaa, umbali, hofu ya maudhi, msimamo wa mwenza. Mafunzo yapime kwa yale yaliyo ndani ya uwezo wake.

Hatua ya 8: Tenganisha sababu

Mshiriki asiyefanya alichofundishwa yuko kwenye moja ya makundi haya, na kila kundi lina dawa yake:

- Hajui. Arudishwe darasani, au afundishwe pale pale kituoni.
- Anajua, mikono haijazoea. Apelekwe kituo chenye wateja wengi akafanye chini ya mzoefu.
- Anaweza, hana nyenzo. Kagua stoo mwenyewe: leja, vijiti, ganzi, glovu, seti za kitanzi zilizotakaswa, taa, kitanda. Andika siku ambazo bidhaa ziliisha. Hapa mafunzo hayana kosa, na suala ni la maoteo, oda na Bohari ya Dawa.
- Anaweza, ana nyenzo, haamini. Anaona kitanzi kinaharibu kizazi, au binti asiye na mtoto hastahili. Mafunzo ya pili ya nadharia hayatambadilisha. Mkutanishe na mwenzake wa kada yake anayetoa huduma hiyo kila siku.
- Hayupo tena kwenye chumba hicho.

Ripoti inayosema "asilimia 40 hawatoi huduma ya kitanzi" bila mgawanyo huu huishia kwenye pendekezo la mafunzo rejea kwa wote, na fedha zinakwenda tena ukumbini wakati kilichokosekana ni seti za kitanzi.

Hatua ya 9: Rudisha matokeo

Mtoa huduma apate mrejesho siku hiyo hiyo, faraghani, ukianza na alichofanya vizuri. Ukiona kosa la hatari kwa mteja, lisahihishe papo hapo na usisubiri ripoti. Timu ya afya ya halmashauri ipate kurasa mbili au tatu, zikiwa na jedwali la makundi ya hatua ya 8 kwa kila kituo. Wakufunzi wapewe maswali na hatua zilizoshindwa na wengi, ili darasa lijalo libadilike.

Ukikwama

*Mafunzo yalishafanyika, hakuna jaribio la kabla.* Maarifa ya kabla huwezi kuyapata tena, na kuwauliza wakumbuke walichokuwa wakijua hakuaminiki. Lakini takwimu za MTUHA za kabla zipo, ujuzi wa sasa unapimika, na unaweza kulinganisha na vituo ambavyo zamu yao haijafika. Ripoti iseme wazi kwamba kipimo cha kabla hakikuwepo.

*Washiriki wengi wamehamishwa.* Wafuate kwa simu, uwapime waliko. Usiwafute kwenye hesabu. Kama 8 kati ya 24 hawapo tena kwenye huduma za mama na mtoto, hayo ni matokeo, na anayepaswa kuyasoma ni anayepanga watumishi.

*Siku nzima hakuja mteja wa kitanzi.* Toa modeli uliyobeba, mpe mazingira ya kuigiza, na aanze tangu kumkaribisha mteja. Kwenye fomu andika "modeli". Usichanganye alama za modeli na za mteja halisi.

*Kila mtu amepata "anaweza mwenyewe".* Ama watathmini ndio waliokuwa wakufunzi, ama hatua za lazima hazikuzingatiwa. Badilisha mtathmini, urudie kwa watu wachache.

*Kitabu na DHIS2 hazilingani.* Hesabu mistari ya kitabu mwenyewe kwa miezi mitatu. Kama tofauti ni kubwa, tumia kitabu, ueleze hivyo. Tofauti mara nyingi hutokea kwenye kujumlisha mwisho wa mwezi.

*Mtoa huduma ana wasiwasi, mikono inatetemeka.* Ahirisha. Msaidie foleni kwanza, pima watoto uzito naye. Mpime mchana.

*Fedha zimekatwa nusu.* Kata fomu za kuridhika, kata mahojiano na viongozi, kata ziara ya pili kwa vituo vilivyofanya vizuri kwenye ya kwanza. Bakiza mambo matatu: ujuzi wa kuweka na kutoa, maswali manne kwa mteja anapotoka, na ukaguzi wa stoo. Watathmini wawili wenye pikipiki moja na vituo viwili kwa siku wanaweza kuyamaliza.